Jibu: Uwatu wa kwenye beseni unalala chini

Dada, umesema uwatu wako uliota vizuri, kisha ukaanza kulala na kugeuka njano, sasa unataka kuuhamishia kwenye chungu. Usiuhamishe. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, heri usie mbegu upya.

Kwanza tazama shina pale linapotokea udongoni. Likiwa limenywea, jembamba kama uzi na jeusijeusi, huo ni ukungu unaoletwa na maji mengi. Beseni lako lina matundu chini? Nadhani shida iko hapo.

Safari hii loweka mbegu usiku mmoja, zitawanye kwa wingi (mistari ya nini?), kisha zifukie nusu sentimita tu. Udongo wa kina cha sentimita 15 unatosha. Baada ya siku 3 hadi 5 utaona vichwa vinachomoza. Chomeka kidole kabla ya kumwagilia. Kikitoka na udongo mbichi, acha.

Wiki ya 4 hivi kata kwa mkasi, ukibakiza shina la vidole viwili. Utachipua tena, ingawa kwa uchache. Usingoje maua, uchungu utazidi. Mbolea ya chumvichumvi sahau, uwatu ni jamii ya kunde, hujipatia naitrojeni wenyewe.