Sanduku kwanza, mgonjwa baadaye

Madaktari wachanga wanaosomea upasuaji hapa Mombasa huniuliza: kujizoeza kushona jioni ndani ya sanduku linaloiga tumbo kutanifaa nikisimama mezani na mgonjwa? Kutakufaa, lakini inategemea unavyofanya.

Upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera na vyombo virefu hupitishwa tumboni nawe ukitazama skrini, huchanganya mikono. Ukipeleka mkono kulia, ncha ya chombo tumboni huenda kushoto, na kwenye skrini ni vigumu kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mkono huzoea kwa kurudia, na sioni kwa nini uzoee ndani ya tumbo la mtu. Mwaka 2002 watafiti wa Yale, Marekani, walichapisha majaribio ya madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Nusu yao walitangulia kufanya mazoezi kwenye kompyuta, kisha wote wakapasua wagonjwa wa nyongo. Waliofanya mazoezi waliubandua mfuko wa nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29. Wenzao ndio waliojeruhi au kuunguza pasipostahili mara nyingi zaidi.

Wengi hupitwa na jambo moja hapo: hawakuhesabiwa saa. Walirudia hadi wakafikia kiwango cha wapasuaji wazoefu. Kwa hiyo usiniambie umekaa na sanduku mwezi mzima. Niambie unafunga fundo bila kukata uzi.

Sanduku langu ni kasha la plastiki lenye matundu mawili, taa, na simu badala ya kamera. Vyombo ni vikuukuu, havirudi tena kwa wagonjwa. Matumbo ya mbuzi nanunua Kongowea, na muuzaji anaamini mimi ni mpenzi mkubwa wa supu. Fanya nusu saa jioni, siku chache kwa wiki, usirundike yote Jumamosi. Utafiti wa Toronto wa 2006 ulionyesha waliogawanya mafunzo kwa wiki kadhaa waliunganisha mishipa midogo vizuri kuliko waliomaliza kwa siku moja.

Sanduku halivuji damu, wala halikuambii wakati wa kuacha matundu na kufungua tumbo. Hayo utayapata thieta, ukiwa msaidizi, pamoja na wauguzi na mtu wa nusukaputi.

Kabla hujaomba kuachiwa kisu, jirekodi kwa simu, mpelekee mkubwa wako aitazame. Mwombe ahesabu makosa kwanza. Muda atazame baadaye.