Tangazo la kampeni lisilo na uongo wa wazi

Umeuliza utajuaje kwamba tangazo la kampeni linakuchezea akili ilhali halina uongo wa wazi. Nakushauri ulitazame mara ya pili ukiwa umezima sauti, kwa maana muziki mzito na sauti ya msimulizi ndivyo hubeba hofu ambayo maneno yenyewe hayajaithibitisha. Nchini Marekani, tarehe 7 Septemba 1964, kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilirusha tangazo la msichana mdogo anayenyofoa petali za ua huku akizihesabu, kisha sauti ya mwanamume ikahesabu kurudi nyuma hadi sifuri na bomu la nyuklia likalipuka. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hakutajwa hata mara moja. Mtazamaji aliachiwa aunganishe mambo mwenyewe, yaani kwamba kumchagua Goldwater kungehatarisha vita vya nyuklia, na hitimisho ambalo mtu amelifikia mwenyewe ni gumu mno kulitilia shaka. Hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. Angalia pia takwimu zinaanzia mwaka gani, kwa sababu ukichagua mwaka mbaya kuwa mwanzo, hata nafuu ya kawaida itaonekana kuwa mafanikio makubwa, na usome maandishi madogo yanayomtaja aliyelipia, pale yanapowekwa.