Pikapu ya safari: anza na kilo, inchi baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kufunga pikapu za safari hapa Kigoma, kila anayekuja swali lake ni ainyanyue gari inchi ngapi kwa springi mpya, mi nawaomba muanze na kilo. Jumlisha kwanza vile vitu ambavyo haviteremki kwenye gari: maji lita 40 ni kilo 40, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kama kilo 34 bado dumu lenyewe, hema la juu, spea ya pili, bampa la chuma kama unalo. Springi imetengenezewa uzito wake. Ukifunga ya mzigo mzito halafu unatembea mtupu kuelekea Kalya, kwenye vumbi gari inarukaruka, tairi zinaachia ardhi, kona inakushinda, na ukifunga nyepesi ukapakia, nyuma inakaa chini taa zinamulika juu ya miti.

Kwa Hilux nyingi inchi 2 zinatosha kabisa. Ukizidisha, siivii jointi za mbele, vile viungio vinavyozungusha tairi, zinakaa kwenye pembe kali, buti, yaani mipira inayozifunika, zinachanika, grisi inatoka na vumbi linaingia. Na mjue springi haipandishi difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hata kidogo, linapandishwa na tairi kubwa tu. Zile speisa, vipande vya kuongeza urefu vya kuweka juu ya shokapu, ni rahisi kweli na gari inapanda, ila hazikubebei hata kilo moja ya ziada, mi siziwezi kwa safari ndefu.

Shokapu zinunue pamoja na springi, urefu uendane, maana shokapu fupi kwenye springi ndefu inavutika mpaka mwisho kila shimo na haitadumu.

Siku ya kufunga usiende kunywa chai, simama hapo hapo na fundi. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya springi, zishikizwe kidogo tu gari ikiwa juu ya jeki, ikishashuka ikasimama kwa tairi zake ndo zikazwe, la sivyo mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote na unachanika mapema sana, hili mafundi wengi wanaliruka kwa haraka zao. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone mpira wa breki haujavutika. Yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zirudiwe kukazwa baada ya kama kilomita 500, na alaimenti, yaani kunyoosha tairi, upige kabla hujasafiri. Halafu pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, kabla ya kufunga na baada, uandike, ndo utajua springi ikianza kulala ni ya upande gani.