Kanivunja mkono, wakwe wanataka tuyamalize nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alinipiga kwa mguu wa stuli, mkono ukavunjika. Hospitali nilisema nimeteleza bafuni. Wazee wamekaa kikao, ameomba radhi. Mama mkwe anasema nikienda polisi nitakuwa nimemfunga baba wa wanangu kwa jambo la ndani. Sheria ya Tanzania inaingia kweli hadi chumbani?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Inaingia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, awe mume au mke. Na Kanuni ya Adhabu haiulizi cheti cha ndoa. Shambulio la kudhuru mwili kifungo chake ni hadi miaka 5. Madhara makubwa, hadi miaka 7. Ikithibitika alikusudia kukupa madhara makubwa, hadi maisha. Hivyo ni viwango vya juu, si lazima hakimu afike huko. Kosa la mumeo liangukie wapi, maelezo ya daktari yana uzito mkubwa.

Ndiyo maana kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni bafuni. Nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze ulivyopigwa, upewe fomu namba 3 ya polisi, PF3, ambayo daktari huijaza. Hailipiwi. Rudi nayo pale pale ulipotibiwa, maana picha ya mfupa na faili lako viko huko. Mwambie daktari: "Siku ile niliogopa, nikasema nimeanguka. Nilipigwa." Polisi nao waambie hivyo hivyo kabla hawajakuta wenyewe. Wakili wa mumeo ataishika ile kauli ya kwanza, na hofu uliyoieleza mapema ina nguvu kuliko maelezo yanayotoka ukiwa kizimbani. Michubuko iliyobaki ipigwe picha leo, kesho itakuwa imefifia. Na huo mguu wa stuli, kama bado upo, usiuoshe wala kuutupa.

Mama mkwe amekubebesha mzigo usio wako. Wewe humfungi mtu. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi, na hukumu ni ya hakimu. Kwa sababu hiyo hiyo kikao cha wazee hakikufuta kosa. Kumsamehe unaweza, hilo ni la moyo wako, lakini mfupa uliovunjika haumalizwi kwa radhi mbele ya mkeka. Ningewaheshimu zaidi wazee hao kama wangekuuliza kwanza unalala wapi usiku huu.

Nami nakuuliza hilo. Makosa haya yana dhamana, mwanangu. Anaweza kukamatwa asubuhi na jioni akawa mlangoni. Kwa hiyo kabla hujaripoti, wewe na watoto muwe mmeshapata pa kulala, kwa mtu asiyemwogopa mumeo. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zako za kliniki na za benki. Pale Dawatini sema wazi kwamba unaogopa akitoka, uombe dhamana yake iwe na sharti la kutokukaribia.

Nenda na dada au rafiki, msiende na mtu wa upande wake. Ukifika mapokezi wakikuambia mkayazungumze nyumbani, usiondoke; omba kuonana na mkuu wa kituo.