Pikapu ya umeme na barabara zetu: maswali kutoka Malindi na Lamu

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji waniulize lolote kuhusu pikapu za umeme, kama zaweza kweli kuziondoa barabarani hizi za dizeli na petroli tulizozizoea. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, nyingine zina hasira, nyingine zina matumaini makubwa mno. Nimechagua saba. Mimi ni fundi wa magari hapa Malindi, na kabla ya kushika spana nilikuwa dereva wa samaki, kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyelala chini ya gari na pia kando ya barabara.

Salaam aleikum, Fundi. Hununua samaki dikoni na kuwapeleka Mombasa mara tatu kwa wiki. Hilux yangu ya dizeli imechoka. Ninunue dizeli nyingine au ningoje ya umeme? (Mchuuzi, Shela, Malindi)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hebu tuipime safari yako kwanza, gari tutalifikia baadaye. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Hilux ya umeme iliyoonyeshwa na Toyota mwishoni mwa 2025 ina betri ya kilowati-saa 59.2, na kampuni yenyewe ilitaja takriban kilomita 240 kwa chaji moja. Isuzu D-Max ya umeme, inayoundwa Thailand, ina betri ya 66.9 na inatajiwa kilomita 263. Lakini kilomita hizo hupimwa kwa utaratibu wa maabara, bila makasha ya barafu nyuma, bila foleni ya Mtwapa saa sita mchana na kiyoyozi kikinguruma. Kwa mzigo wako mimi ningezikata robo nzima kabla ya kuanza hesabu. Maana yake utafika Mombasa vizuri, ila hutarudi bila kuchaji.

Je, hilo ni kikwazo? Si lazima. Unaposhusha samaki na kungojea wateja wako walipe, saa mbili hupita bila wewe kuziona. D-Max hiyo ikipata chaja ya kasi ya kilowati 50, betri hupanda kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa kama saa moja. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya gari, nenda Mombasa ukaulize chaja iko wapi, ni ya kasi gani, na kama iko karibu na mahali unaposhushia. Ikiwa utalazimika kuzunguka mji mzima na samaki waliobaki, biashara imeharibika.

Kuna na jambo la uzito. D-Max ya umeme inabeba tani moja na kidogo, sawa na ndugu yake wa dizeli. Hilux ya umeme inabeba kilo 715 tu. Wewe unajua barafu ina uzito gani. Nikikusikiliza vizuri, ushauri wangu ni ufanye ovaholi ya injini uliyo nayo, uvute miaka miwili au mitatu, huku ukitazama chaja zinavyofika. Chassis ya gari lako ikiwa haijaliwa na kutu, hiyo pesa haitapotea.

Wanasema stima ni rahisi kuliko dizeli. Ni kweli au ni maneno ya wauzaji? (Dereva, Watamu)

Ni kweli, na hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Chukulia pikapu ya dizeli inakula lita 10 kwa kilomita 100, na lita moja ni shilingi 170. Badilisha namba hiyo kila bei mpya inapotangazwa tarehe 14. Hapo umetumia 1,700. Pikapu ya umeme kwa mwendo huohuo itakula kama uniti 28, na uniti moja ndiyo kilowati-saa moja. Ukichaji nyumbani, ambako uniti moja na kodi zake hukaribia shilingi 30, umetumia 840. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalum ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo inahitaji mita yake peke yake. Ukiwa nayo na ukachaji usiku, tofauti na dizeli inakuwa kubwa mno.

Kisha ongeza yale ambayo hayapo. Hakuna oili ya injini, hakuna filta ya dizeli, hakuna nozeli, turbo wala klachi. Breki hudumu, kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe inalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Matairi ndiyo yatakayokula pesa zaidi, maana gari ni zito. Nakumbuka usiku mmoja nilijaza dizeli njiani, mahali nisipopataja, nayo ilikuwa na maji. Nozeli zote nne ziliharibika, samaki wakaoza, na mwenye mali akanikata mshahara wa miezi mitatu. Kila nikisikia kwamba kuna gari lisilo na nozeli, moyo wangu hunena kabla ya akili.

Lakini bei ya kununua bado iko juu sana. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, na hata hivyo mtu wa kawaida hafiki. Anayeendesha kilomita 20 kwa siku hatairudisha pesa hiyo. Anayeendesha 120 kila siku na kulala kwake, huyo atairudisha.

Fundi, nina shamba la maembe Marafa. Msimu ukifika navuta trela hadi Malindi. Pikapu ya umeme ina nguvu ya kuvuta? (Mkulima, Marafa)

Nguvu inayo, mzee wangu, hasa ya kuondoka. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote gurudumu linapoanza kuzunguka, haingojei injini ipande. Ford F-150 Lightning ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa 2022, iliweza kuvuta hadi tani nne na nusu. Shida yake ni kuchoka, na hapa naomba univumilie nieleze, kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10 za nishati. Tangi la lita 80 kwa hiyo limebeba 800. Injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto, kama theluthi mbili, lakini bado zinabaki 260 hivi za kusukuma magurudumu. Lightning yenye betri kubwa kuliko zote ilikuwa na 131, na betri hiyo ni nzito kama mzigo wenyewe. Gari likiwa tupu, hizo 131 zilitosha kilomita 500 na kidogo. Wamarekani walipofunga trela kubwa nyuma, mwendo ukashuka hadi karibu nusu, kwa kuwa trela inapambana na upepo njia nzima. Kule watu huvuta mashua na nyumba za magurudumu mamia ya kilomita kwa siku moja, kwa hiyo wengi waliona afadhali petroli. Desemba 2025 Ford ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza Lightning ya betri tupu, na itakayofuata itakuwa na injini ya kuchaji betri njiani.

Sasa wewe. Kutoka Marafa hadi Malindi ni safari fupi, na trela lako la maembe haliendi kwa kasi ya kupigana na upepo. D-Max ya umeme inaruhusiwa kuvuta tani tatu na nusu. Hilux ya umeme tani 1.6. Kwa kazi yako pikapu ya umeme inafaa kuliko inavyomfaa Mmarekani! Kinachonitia wasiwasi ni ile barabara ya mawe. Betri iko chini ya gari, na ingawa ina ngao ya chuma, ukigonga jiwe vibaya unaweza kuharibu kitu cha thamani kuliko gari zima la mtumba. Nunua yenye kimo, na msimu wa mvua endesha taratibu.

Nina ndugu yuko Marekani. Anaweza kuninunulia Lightning au Cybertruck ya Tesla aniletee? (Kijana, Malindi)

Hapana, mwanangu. Usukani wa magari hayo uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo. Gari la mtumba pia halitakiwi kuzidi miaka minane. Mwambie ndugu yako aiweke hiyo pesa.

Niko Mokowe. Kila wiki naenda Malindi kuchukua bidhaa za duka langu la Amu, mjini Lamu, mzigo unavuka kwa mashua. Pia kuna maji barabarani wakati wa masika. Umeme na maji si hatari? (Mfanyabiashara, Mokowe)

Umeuliza mawili. Kuhusu maji: betri na mota zimefungwa zisiingie maji, na gari la umeme halina bomba la kuvuta hewa linaloweza kunyonya maji likaua injini. Kwa maji ya kina kidogo, umeme nao utavuka. Lakini mafuriko ya mwishoni mwa 2023 sote tunayakumbuka, yalivyoikata barabara pale Lango la Simba. Maji ya Tana yakipita juu ya lami hayaulizi gari lako linatumia nini. Usiingie, bwana, hata likiwa trekta.

Maji ya chumvi ni habari nyingine. Kimbunga Ian kilipopiga Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari baadhi yake yaliwaka moto baadaye, siku kadhaa baada ya maji kukauka, kwa sababu chumvi iliyobaki ilileta shoti ya umeme ndani ya betri. Kwa hiyo wale wanaoshusha mashua kwa kurudisha gari nyuma mpaka bahari inafika ekseli, tabia hiyo waiache wakipata gari la umeme.

Kuhusu safari: Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220, ukipita Garsen, Gamba na Witu. Ukiondoka Malindi usitegemee kukuta chaja ya kasi njiani. Umeme wenyewe umefika, kuna laini kubwa ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, lakini laini ya umeme siyo chaja, na kuchaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani kungekuchukua zaidi ya siku nzima. Kwako wewe baki na dizeli, bila aibu yoyote. Siku Garsen itakapopata chaja mbili za kasi, na nasema mbili kwa sababu moja ikiharibika utalala pale, niandikie tena. Wenye kupanga barabara hii wangeanza na Garsen, kwa kuwa ni katikati, na magari yote ya Lamu na Hola hupita hapo.

Nauza samaki wa kugandishwa, nina friza tatu nyumbani chini ya paa kubwa, na nasambaza hapa mjini. Stima zikipotea hasara ni yangu. Nimesikia gari laweza kuwasha friza? (Mama wa friza, Malindi)

Ni kweli, mama, na hili ndilo jambo ambalo dizeli ya kawaida haifanyi. Baadhi ya magari ya umeme yana soketi ya kutoa umeme nje. Lightning ilikuwa na ya kilowati 9.6, ya kutosha nyumba nzima. Friza kubwa moja hula uniti mbili au tatu kwa siku. Betri ya uniti 60 ingezishikilia friza zako tatu siku kadhaa bila kelele ya jenereta. Uliza kabla ya kununua, maana si kila gari la umeme lina soketi hiyo.

Na kwa kuwa una paa kubwa: paneli kumi za wati 550 kwa jua letu zitakupa kama uniti 20 hadi 25 siku nzuri, yaani kilomita 70 hadi 90 za pikapu. Langobaya, hapa nyuma yetu, kuna mtambo wa jua wa megawati 40 tangu mwishoni mwa 2021. Jua hilohilo linapiga bati lako. Tena wewe huendi mbali, unasambaza mjini na kurudi. Katika wote walioniandikia, wewe ndiwe ningekuweka wa kwanza.

Ninajifunza ufundi gerejini. Magari haya yakija, tutakula nini? (Mwanafunzi, Malindi)

Swali lako nililisoma mara tatu, kijana wangu. Sitakudanganya: kazi ya nozeli, gasketi na klachi itapungua. Haitakwisha kesho, kwa sababu dizeli zilizoko leo zitakuwa barabarani miaka 20 ijayo. Lakini bushi, shokamzoba, bearing, usukani na kutu ya chumvi ziko palepale, na kwa gari zito zitakuja mapema zaidi.

Kipya ni umeme wenyewe. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari hizo zina volti 400 au zaidi. Hazikupi nafasi ya pili. Hugusi mpaka umezima gari, umetenganisha betri kubwa, umengoja dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, kisha umepima na kuona hakuna umeme. Glavu ni za mpira zilizopimwa volti 1,000, siyo hizi za bustani. Sijaona gereji mtaani kwetu inayofundisha hayo, na hilo linaniuma, kwa sababu vijana wataanza kuzifungua gari hizi kwa kukisia.

Anza na pikipiki za umeme. Volti zake ni ndogo, hatari ya kupigwa na umeme ni ndogo zaidi, na kanuni ni zilezile. Nunua multimita nzuri kabla ya seti mpya ya spana. Jumamosi mchana gereji yangu huwa haina wateja wengi. Nina betri moja ya pikipiki iliyokufa. Njoo na daftari, tutaifungua pamoja tuone seli ipi iliangusha wenzake.