Koa, konokono au jongoo bahari?

SWALI: Nafundisha biolojia Mafinga, Iringa. Wanafunzi wetu walipotembelea Kisiwa cha Mbudya walipiga picha ya kiumbe laini cheusi, chenye matuta ya bluu iliyopauka na vinundu vya njano, kimejibandika mwambani. Tunaandaa bango la Kiswahili la klabu ya mazingira na wamegawanyika: wengine wanasema jongoo bahari, wengine konokono wa baharini, mmoja anang'ang'ania koa. Tuandike lipi? Na ni "koa ya bluu" au "koa wa bluu"?

JIBU: Mwalimu, huyo mmoja mpeni kalamu aandike bango.

"Jongoo bahari" lifuteni kabisa. Hilo ni jina la mnyama mwingine, jamaa wa kiti cha pweza, ambaye huchemshwa na kukaushwa ili auzwe Asia. Mtu wa Kilwa akipita mbele ya bango lenu atacheka. Wenu ni moluska, ukoo mmoja na chaza, ngisi na pweza mwenyewe. "Konokono" si kosa, maana hata huyu akiwa lava, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, huwa na gamba, kisha hulipoteza anapokua. Ila ukimtajia mtu konokono, anaona nyumba mgongoni. Asiye na nyumba tunamwita koa, wingi makoa, na nyinyi wa nyanda za juu mnamfahamu sana: ndiye anayetoboa kabichi usiku na kuacha utelezi unaong'aa asubuhi. Basi andikeni "koa wa baharini". "Koa bahari" nalo linakubalika, kwa muundo uleule wa jongoo bahari, na wingi wake ni makoa bahari. Kwa bango naliona fupi mno.

Sasa ngeli. Umeandika "kiumbe cheusi", na wengi husema hivyo, lakini katika Kiswahili sanifu mnyama hufuata upatanisho wa A-WA hata jina lake likianza na ki-. Tunasema kiboko mkubwa, kipepeo mweusi. Vivyo hivyo kiumbe mweusi, koa mweusi, makoa weusi. Kwa hiyo "koa ya bluu" haipo.

Rangi zenyewe hazifanani tabia. Nyeusi, nyeupe na nyekundu zina mizizi yake na hupokea kiambishi: koa mwekundu, madoa meupe. Bluu, njano na kijani ni nomino, nazo hudai kiunganishi: koa wa bluu, matuta ya bluu, vinundu vya njano. "Gari bluu" ya vijana wa Mwanjelwa iacheni hukohuko stendi.

Kwa maelezo uliyotoa, koa wenu anaelekea kuwa Phyllidia varicosa, jina la kisayansi alilopewa na mwanabiolojia Lamarck wa Ufaransa mwaka 1801. (Neno la kwanza herufi kubwa, la pili ndogo, hata likiwa katikati ya sentensi ya Kiswahili.) Tazameni picha tena: pembe zake mbili za kunusia ni za njano, na mgongoni hana kile kishada cha mashavu ya kupumulia walicho nacho makoa wengi wa baharini, yake yamejificha chini ya ukingo wa mwili. Kama yupo aliyempiga picha kwa chini, unyayo una mstari mweusi katikati.

Hana meno. Hula sifongo kwa kufyonza, na ndiyo maana hupatikana kwenye miamba ya matumbawe ambako sifongo zimeota. Akisumbuliwa hutoa ute wenye sumu inayoweza kuua samaki waliomo naye kwenye chombo kimoja, kwa hiyo safari ijayo asiwekwe kwenye ndoo.

Sentensi ya bango, kama mtaipenda: "Koa wa baharini, Phyllidia varicosa, ni mweusi, ana matuta ya bluu na vinundu vya njano, na huishi kwenye miamba ya matumbawe penye sifongo anazokula."