Kusikiliza anga ukiwa Arusha: maswali yenu kuhusu kazi ya kutafuta viumbe wenye akili

Shikamoo. Niko kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia, hisabati), Moshi. Nataka kazi ya kutafuta viumbe wenye akili nje ya Dunia. Nianzie wapi?

Marahaba. Kaza fizikia na hisabati, na usingoje chuo ndipo uguse kompyuta. Anza Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta) na Python (lugha ya kuandikia programu) sasa, maana mtafutaji wa leo hutumia muda mwingi kuchambua mafaili kuliko kutazama nyota. Shahada ya fizikia ipo Dar es Salaam na Dodoma. Baada ya hapo itazame Cape Town, kwenye programu ya NASSP ya astrofizikia. Afrika Kusini ndiko iliko MeerKAT, darubini ya mawimbi ya redio yenye madishi 64 yaliyotandazwa kwenye nyika ya Karoo, kila moja kipenyo chake mita 13.5.

Mimi ni mama wa binti, niko Njiro, Arusha. Kazi hiyo nani anailipia?

Mama, swali lako ni la msingi. Marekani, NASA ilianza msako wake mwaka 1992, na mwaka uliofuata Bunge likafuta fedha. Tangu hapo wafadhili binafsi ndio walioubeba mzigo kwa sehemu kubwa. Mfano ni Breakthrough Listen, iliyotangazwa 2015 kwa dola milioni 100 za miaka 10. Kwa hiyo binti asitegemee msako peke yake. Ajenge ujuzi unaosimama wenyewe: pulsa (nyota zinazotoa mapigo ya redio), gesi ya haidrojeni, au uhandisi wa vipokezi. Pale MeerKAT, kompyuta za msako huchukua nakala ya mawimbi ya redio huku watafiti wengine wakiendelea na shughuli zao, na kazi hizo mbili hazigombani.

Wanajuaje kwamba walichonasa si simu ya mtu?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwanza wanatafuta ishara nyembamba sana, iliyobanwa kwenye masafa ya hezi chache tu (hezi ni mtetemo mmoja wa wimbi kwa sekunde), kwa sababu vitu vya asili angani hutoa mawimbi yaliyotawanyika zaidi. Pili, ishara ya kutoka mbali inatakiwa iteleze polepole kwenye masafa, kwa kuwa Dunia inazunguka. Iliyotulia tuli mahali pamoja huenda inatoka jirani.

Kisha dishi linaelekezwa kwenye nyota dakika 5, linageuzwa pembeni dakika 5, linarudishwa, mpaka zamu sita, nusu saa nzima. Ishara ya kweli huonekana dishi likiwa kwenye nyota na kupotea likigeuzwa. Ikibaki zamu zote, inatoka hapahapa duniani.

Hata mtihani huo hudanganya. Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilinasa ishara ya megahezi 982 upande wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, nayo ikafaulu mtihani huo. Uchambuzi uliotoka 2021 ulikuta ishara nyingine za sura ileile kwenye masafa mengine, hata dishi likiwa limegeuzwa: zilikuwa kelele za vifaa vya kielektroniki. Hapohapo Parkes, mwaka 2015, kelele iliyowasumbua watu kwa miaka ilikutwa inatoka kwenye maikrowevu, mtu anapofungua mlango kabla haijamaliza kupasha. Anayetaka kazi hii akubali kwamba siku nyingi zitaishia kwenye jibu la namna hiyo, na kulipata ni kazi halali.

Je, Kiswahili kimeshatumwa huko?

Kwenye sahani za dhahabu za vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, kuna salamu kwa lugha 55. Kiluganda kimo. Kiswahili hakimo, na hilo linatuuma.

Mimi ni mwalimu, niko Sakina, Arusha. Wanafunzi wangu wanaweza kujenga nini?

Mwalimu, jengeni kipokezi cha kunasa mawimbi ya haidrojeni ya Njia ya Maziwa (galaksi yetu), megahezi 1420.4. Ndiyo masafa aliyoyasikiliza mwanaastronomia Mmarekani Frank Drake mwaka 1960, akitafuta viumbe wenye akili, alipoelekeza dishi la mita 26 kwenye Tau Ceti na Epsilon Eridani, nyota mbili zinazopita karibu na utosi hapa Arusha.

Tafuteni makopo mawili ya bati, kipenyo sentimita 15. Toeni kitako cha moja na muunganishe kupata bomba la sentimita 28 au zaidi, lililozibwa upande mmoja. Sentimita 9.3 kutoka kwenye kitako, tobweni tundu la soketi, na pini ya shaba ya sentimita 5, ambayo ndiyo antena, isimame ndani. Kipenyo kikibadilika, 9.3 nayo inabadilika, msiikariri. Mbele wekeni faneli ya maboksi iliyofunikwa foili ya jikoni, mdomo sentimita 60. Foili lazima iguse bati pande zote.

Busta (kikuza ishara) yenye kichujio cha megahezi 1420 ikae palepale kwenye kopo. Wengi huiweka karibu na kompyuta, na mita 5 za waya zinameza ishara kabla haijakuzwa. Baada ya busta ndipo kifaa cha USB cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambacho kiachwe kipate moto dakika 20 masafa yake yatulie.

Agosti, saa 3 usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kiko kusini, nyuzi 64 juu ya upeo. Rekodini dakika 5 hapo, dakika 5 kaskazini-magharibi mbali na mkanda wa Njia ya Maziwa, kisha gawanyeni grafu ya kwanza kwa ya pili. Kitabaki kilima kipana karibu na 1420.4: hiyo ndiyo haidrojeni. Mkiona miiba myembamba, chomoeni chaja ya laptopu mtumie betri, zimeni taa za LED na simu zote, halafu mrudie.